Kiti cha Mkono Mmoja

Kila siku akirudi kutoka shule, Cheche alivua sare, akanywa maji, kisha akashika fagio na kuingia karakana ya baba yake. Baba alikuwa fundi wa makochi, na karakana ya makochi haijawahi kuwa safi hata siku moja. Vipande vya sponji vilijificha chini ya meza, nyuzi zilisokotana na fagio, na pini zilikaa kimya sakafuni zikingoja mguu usio na kiatu.

Cheche halikuwa jina lake la shule, lakini hata mwalimu wake alikuwa ameanza kulisahau lile jingine. Alikuwa mwepesi wa kuwaka. Ukimwambia shati lako limechomoka, anawaka. Ukimwambia halijachomoka, anawaka vilevile, anataka kujua ulikuwa unalitazama kwa nini.

Siku moja shangazi yake, aliyefanya kazi katika duka la fotokopi, aliingia na kifurushi cha karatasi zilizobanwa kwa pini. Juu yake paliandikwa: *Jifunze Kuchora kwa Mwendo Wako Mwenyewe.*

"Si ulisema unataka kuchora? Nimekutolea kozi nzima," alisema shangazi. "Hakuna mwalimu, hakuna kengele, hakuna mtihani. Unakwenda mwenyewe."

"Jumamosi nitakuwa nimemaliza," alisema Cheche.

Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Soma kwanza mstari wa chini."

Mstari wa chini ulisema: *Usifungue somo linalofuata mpaka mkono wako ulizoee hili.*

Cheche akafungua somo la kwanza. Weka nukta mbili, ziunganishe kwa mstari, usitumie rula. Ukurasa mzima wa nukta! Akafungua la pili. Mayai. Mayai marefu, mayai mafupi, mayai yaliyolala. La tatu lilikuwa la masanduku.

"Mayai!" alifoka. "Kwani mimi ni kuku?"

"Kuku angekuwa ameshataga la kwanza," alijibu shangazi. "Wewe bado unapiga kelele."

Cheche hakuchora mstari wala yai. Aliruka hadi somo la mwisho, sura ya mtu, akamkalisha shangazi dirishani akamchora. Alichora, akafuta, akachora, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka penye pua. Kaka yake akapita, akasimama, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto.

"Kizuri," alisema. "Ila sijawahi kuona kiazi kilichovaa miwani."

Kilichomuuma Cheche si maneno ya kaka. Kaka alikuwa na maneno tangu alipoota meno. Kilichomuuma ni shangazi kucheka mpaka miwani ikamdondoka. Cheche alichana picha vipandevipande, akazisukuma karatasi za kozi chini ya kitanda kwa mguu, akaapa hatazigusa tena.

Lakini hamu ya kusifiwa haikuingia chini ya kitanda pamoja nazo. Shuleni, jirani yake wa dawati alimfundisha ujanja. Unachukua karatasi nyepesi, unaipaka mafuta ya kupikia, nayo inaonyesha kama kioo. Unaiweka juu ya picha ya kitabuni na kupitisha penseli laini kwenye kila mstari. Halafu unaipindua kifudifudi juu ya karatasi safi na kuisugua mgongoni kwa kijiko. Picha nzima inahamia kwenye karatasi safi. Ukiukoleza mstari hapa na pale, hakuna atakayejua.

Kweli hakuna aliyejua. Tembo wa kitabuni alitazama kulia na wa Cheche akatazama kushoto, lakini nani amewahi kumuuliza tembo anatazama wapi? Baada ya tembo akaja simba, kisha ndege mwenye mkia mrefu. Baba alizibandika zote kwenye ukuta wa karakana, na kila mteja aliyeingia kuuliza bei ya kochi alilazimika kwanza kumsifu tembo.

"Umefika somo gani?" shangazi aliuliza siku moja.

"La mwisho," alisema Cheche bila kumtazama.

"Mh," alisema shangazi.

Alasiri moja lori dogo lilisimama mbele ya karakana na kuziba nusu ya barabara. Akashuka mwanamke mwenye mabega mapana. Ndiye aliyekuwa dereva wa lori hilo, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini.

"Fundi, shikamoo kama ni mkubwa, marahaba kama ni mdogo. Nina haraka," alisema. Akatoa ukurasa uliokatwa kwenye gazeti. Ulikuwa na picha ya kiti kirefu chenye mkono mmoja tu wa kuegemea, upande wa pili wazi. "Mama yangu amepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili umelala. Hawezi kuinuka kwenye kiti chochote mpaka ainuliwe, na akiinuliwa anatukana ukoo mzima, hata waliokwisha kufa. Mtaalamu wa mazoezi amenionyesha kiti hiki. Nataka hiki hiki, usiongeze, usipunguze."

"Niachie ukurasa," alisema baba.

"Nimeazimwa, naurudisha leo. Ngoja nikautoe fotokopi."

Baba akacheka kwa maringo. "Fotokopi ya nini, na mchoraji ninaye? Cheche! Njoo umchoree mama kiti chake."

Cheche alitamani kusema kitu, lakini baba alikuwa ameshaanza kumwonyesha mgeni tembo.

"Siwezi kuchora nikitazamwa," alisema, akaupokea ukurasa na kukimbilia jikoni.

Nje, magari yaliyozibwa njia yalipiga honi. Cheche alipaka mafuta, akapitisha penseli, akapindua, akasugua. Aliporudi, dereva aliitupia picha jicho moja huku jingine likiwa kwenye lori lake.

"Loh! Kama imepigwa kwa kamera," alisema, akaukunja ukurasa wake, akaondoka.

Baba aliinusa ile picha. "Mbona inanuka jikoni?"

"Nimechorea jikoni," alisema Cheche.

Hapo unaona jinsi mtu anavyoweza kusema jambo la kweli na bado akawa mwongo.

Baba aliibandika picha juu ya meza ya kazi na kuanza kukata mbao ngumu. Alipiga gundi, akakaza mikanda ya mpira, akalaza sponji nene, akavika kitambaa cha kijani. Kila alipofika mahali pa kuamua, aliinua macho akaitazama picha. Kiti kilitoka kizuri, na dereva alikuja kukichukua kikiwa kimefungwa nailoni. Akashukuru, akaondoka nacho.

Kesho yake asubuhi lori lilirudi, na safari hii dereva hakusalimia. Alikishusha kiti mwenyewe, akakibwaga katikati ya karakana.

"Umenitengenezea nini hiki?"

"Kiti chako," alisema baba.

"Si changu! Mama yangu upande wake wa kulia ndio uliolala. Nguvu zimebaki mkono wa kushoto. Wewe mkono wa kiti umeuweka kulia! Jana ametaka kuinuka, mkono wa kushoto ukashika hewa, akaenda chini kama gunia!"

"Ameumia?"

"Kiwiko. Na heshima yake."

Baba akakitazama kiti. Lakini naye alikuwa fundi mwenye jina mtaani, na watu walishaanza kuchungulia. Akaibandua picha ukutani. "Mimi nimefuata hii. Ameichora mwanangu kutoka kwenye ukurasa wako mwenyewe. Tazama, mkono uko kulia kwa mtu anayeketi. Wewe ndiye uliyeleta picha ya kiti kisicho chako."

"Ukurasa wangu ulikuwa sahihi!"

"Basi ulete tuuone!"

"Nimesharudisha! Na mwenyewe amesafiri!"

"Unaendeshaje lori nawe hujui kulia na kushoto?"

"Na wewe unajiitaje fundi? Mzembe mkubwa!"

Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara aliacha nyundo hewani, asikose neno. Kaka wa Cheche naye akajitia wakili. "Cheche hakosei," alisema. "Tembo wake ana mpaka kope."

Cheche alikuwa amesimama na fagio mkononi. Tangu aliposikia maneno "kulia" na "kushoto", alikuwa ameshajua. Aliikumbuka ile karatasi ya mafuta ikipinduka mikononi mwake. Kila kilichopinduliwa huhamia upande wa pili. Tembo aligeuka, simba aligeuka, na kiti kiligeuka pia.

Alimwomba Mungu dereva aendelee kufoka. Mtu akikufokea, ni rahisi kumchukia. Lakini dereva alinyamaza ghafla. Akaitazama picha, ile picha nzuri isiyo na kasoro, akapitisha kiganja usoni.

"Labda ni mimi," alisema polepole. "Siku hizi silali vizuri. Naamka kumgeuza, naamka kumnywesha dawa. Labda niliona vibaya." Akakishika kiti aanze kukirudisha kwenye lori. "Basi. Atakaa hivyo hivyo. Nitakuwa namwinua."

Baba akavuta pumzi kama mtu aliyeshinda kesi. Na hapo Cheche akawaka. Hajawahi kuwaka vile. Aliwaka kwa sababu ya kile kiti, kwa sababu ya tembo na kope zake, na zaidi ya yote kwa sababu ya huyu Cheche aliyesimama na fagio kama hayupo. Akalitupa fagio chini.

"Si yeye! Ni mimi! Sikuchora! Sijui kuchora! Nimepaka karatasi mafuta, nikapitisha penseli, nikaipindua, kiti kikageuka! Mwache, baba, ukurasa wake ulikuwa sahihi!"

Baba aligeuka polepole, akatazama ukutani.

"Na tembo?"

"Mafuta."

"Na simba?"

"Mafuta."

"Na ndege?"

"Mafuta, baba."

"Kumbe ndiyo maana jikoni kila siku mafuta yameisha," alisema kaka.

"Wewe funga mdomo," alisema baba. Alizibandua picha moja moja, akazikunja, akazitia mfukoni. Hasira ilikuwa imempanda, lakini sauti haikupanda. Akamwendea dereva. "Nimekutukana mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu hao hao. Hata fotokopi nilikukataza mimi kwa maringo yangu. Kiti nitakirekebisha, na hutatoa kitu."

"Radhi nimeipokea," alisema dereva, bado amefura. "Lakini sitaki tena maneno. Kabla hujashika msumeno nataka picha, na mama aione kwa macho yake. Yeye ndiye atakayekikalia."

Baba akajikuna shingo. Alikuwa hodari wa kukata na kupigilia, lakini ukimpa penseli achore kiti, atakuchorea mbuzi. Macho yote yakamgeukia Cheche.

"Mimi sijui kuchora," alisema Cheche tena, sasa kwa sauti ndogo.

"Tumeshasikia," alisema baba. "Kesho alasiri utakwenda kuchora hivyo hivyo usivyojua."

Shangazi alipopata habari hakusema "nilijua". Alipiga magoti, akavuta zile karatasi za kozi chini ya kitanda, akazikung'uta vumbi mbele ya uso wa Cheche mpaka akapiga chafya.

"Nilichelewa kurudi nyumbani kwa ajili ya hizi," alisema. "Kaa chini. Nukta mbili."

Cheche akaweka nukta mbili. Mstari ukatoka kwenye ya kwanza, ukaenda kusalimia majirani, ukarudi umechoka. Akachora mwingine, ukawa mbaya zaidi. Akaibamiza penseli mezani ikavunjika katikati. Shangazi akavichukua vipande, akavichonga vyote viwili.

"Sasa unazo mbili," alisema. "Endelea."

"Nitazoea lini?"

"Sijui. Mwendo wako ndio huo. Ni wa konokono aliyevaa gumboti, lakini ni wako, hukumwibia mtu."

Cheche alichora nukta mpaka ukurasa ukajaa, kisha akageuza akaanza upande wa nyuma. Taratibu, baadhi ya mistari ikaanza kufika ilikotumwa. Kesho yake asubuhi akaingia kwenye mayai, na baadaye shangazi akamruhusu kulitazama somo la masanduku, si kwa sababu alikuwa ameyazoea mayai, bali kwa sababu kiti ni sanduku lenye miguu. Somo lilisema: *Tazama kitu kwa muda mrefu kuliko unavyotazama karatasi.* Cheche alilitazama sanduku la vifaa vya baba mpaka likamchosha, akalichora. Lilitoka limepinda. Lakini lilikuwa sanduku, na mpini ulikuwa upande wake.

Nyumbani kwa dereva, mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amefunga kiwiko bandeji. Alikuwa mwembamba, na maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, lakini hakuna hata moja lililopotea njiani.

"Ndiye huyu aliyeniangusha?"

"Shikamoo, bibi," alisema Cheche.

"Marahaba, adui yangu. Keti nikuone."

Baba alipima kutoka sakafuni hadi gotini, na kutoka kitandani hadi kiwiko. Cheche akachora sanduku. Akafuta. Akachora tena. Akainua kichwa. "Bibi, naomba unionyeshe mkono unaoinukia."

Bibi aliinua mkono wa kushoto, akakunja ngumi. "Huu. Ndio niliobaki nao. Uutazame vizuri."

Cheche aliutazama. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko karatasi, akaona mishipa na kidole gumba kilivyosimama. Kisha akachora mkono wa kiti, akahakikisha, akaketi kando ya bibi kitandani ili kulia kwa bibi kuwe kulia kwake, akahakikisha tena. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemtoka kama mtu aliyebeba kiti chenyewe.

Bibi akaipokea karatasi. "Mguu huu wa kiti umelewa?"

Kaka angecheka. Siku nyingine Cheche angewaka. "Ndiyo, bibi," alisema. "Bado sijaweza kuunyoosha. Lakini mkono uko upande wako."

Bibi aliiweka karatasi kitandani, akashusha mkono wa kushoto hewani mahali ambapo mkono wa kiti ungekuwa, akausukuma chini kama anayeinuka. Akafikiri.

"Uko upande wangu," alisema. "Ila hapa mbele urefuke kidogo, kiganja kipate pa kushika."

Cheche akaurefusha mbele yake. Baba akaandika vipimo juu ya ile picha, bila kuisifu na bila kuikosoa.

Kukibomoa kiti kulikuwa kazi kuliko kukitengeneza. Kila pini ilibidi ing'olewe kwa koleo, na Cheche alizing'oa nyingi mpaka vidole vikamwuma. Baba, ambaye hupiga mluzi akiwa kazini, hakupiga. Alisema tu "shika hapa" na "achia". Picha iliyopinda ilikuwa juu ya meza, na kila alipofika mahali pa kuamua, aliinua macho akaitazama, kisha akaita, "Cheche, hapa ulimaanisha nini?" Naye Cheche alikuwa na jibu, kwa sababu kila mstari aliuweka mwenyewe.

Walikipeleka kiti kwa lori la dereva. Bibi akaketishwa. Dereva akanyoosha mikono amsaidie kuinuka, bibi akamkodolea macho mpaka mikono ikarudi. Kisha akaweka kiganja cha kushoto pale mbele palipotokeza, akasukuma. Mara ya kwanza akarudi chini. Akasukuma tena, taratibu, akiguna na kulitaja jina la babu fulani kwa namna isiyofaa kuandikwa. Akasimama. Peke yake, mkono mmoja kwenye kiti.

"Haya, tokeni nje," alisema.

"Mama?" dereva alishtuka.

"Nimesema tokeni. Nataka kuvaa. Tangu niugue mnanivalisha kama mwanasesere. Wote nje, na mlango mfunge!"

Wakatoka wote wakabanana barazani kama watoto waliofukuzwa darasani. Ndani walisikia kabati likifunguliwa. Dereva aligeukia ukuta, akajipangusa macho kwa kitambaa cha kufutia kioo cha lori.

Cheche akamtazama baba yake. "Bado umekasirika?"

"Sana," alisema baba kwa sauti ya chini. "Na sikukasirika kwa sababu hujui kuchora, mwanangu. Kutokujua si kosa. Sikukasirika hata kwa sababu unawaka, mimi mwenyewe ninawaka. Ulikosa ulipotuonyesha ujuzi usiokuwa nao. Mimi niliuamini nikakata mbao. Huyu mama aliuamini akabeba kiti. Na bibi wa watu akaukalia uongo wako, ukamwangusha. Picha yako iliyopinda imemwinua, kwa sababu ni ya kweli. Ukianza jambo, anzia mwanzo wake, hata kama mwanzo unachekesha watu."

"Mnanong'ona nini huko?" bibi alifoka kutoka ndani. "Semeni kwa sauti, nami nisikie!"

Baba akakohoa. Ikabidi ayarudie yote kwa sauti mlangoni, na mtaa mzima ukayasikia, pamoja na pale aliposema na yeye anawaka.

Ndani kabati likafungwa.

"Umesema sawa," alisema bibi. "Sasa mwambie huyo adui yangu arudi Jumamosi anichore. Nikiwa nimesimama."

Cheche akausogelea mlango. "Bibi, bado sijafika somo la watu."

"Basi chora kiti," alisema bibi. "Mimi nitasimama kando yake mpaka ufike."